Kafyu ni Kufunika Moto

Neno lenyewe tulilipata kwenye redio, katikati ya nyimbo za bendi ya jeshi. Mwanajeshi alisoma tangazo kwa Kiingereza, kisha akalirudia kwa Kiswahili cha kambini, kwamba tangu siku ile kuna kafyu: giza likiingia, kila mtu awe ndani kwake. Mama aliuliza kafyu ni kitu gani. Baba akamwambia ni amri ya kulala mapema. Mama akasema basi serikali mpya ina huruma, maana yeye hajalala mapema tangu aolewe. Tulicheka sote, na baba ndiye aliyecheka zaidi.

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na kamusi zote nilizo nazo nyumbani zinalieleza neno hili kwa mstari mmoja: amri ya kukaa ndani kwa saa zilizotajwa. Zote zina hakika na zinachosema. Huwa zinanikera. Kampala ya wakati ule ililipa neno hilo kazi nyingi kuliko mstari mmoja. Basi la mwisho kutoka mjini liliitwa kafyu. Wenye baa walipokunja viti jua likiwa bado juu, walisema wanakwenda kafyu. Mwanamke aliyechoshwa na mume mlevi alimwambia, kwangu mimi kafyu ni saa kumi na mbili, ukichelewa utalala na mbwa. Na baadaye, mtu akichukuliwa asirudi, majirani walinong'ona kwamba kafyu imempata, hata kama alichukuliwa mchana kweupe.

Sisi tulikuwa watu wa kambi ya polisi. Baba alikuwa fundi katika gereji ya magari ya polisi, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye mikono iliyoshinda kila sabuni. Mama hakuwa mtu wa kwao, alitoka magharibi. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, ndiyo maana sisi watoto tulikua nacho kama lugha ya nyumbani, na watoto wa mjini wakatucheka kwamba tunasema lugha ya askari. Mimi nilikuwa mkubwa wa watatu.

Kwao baba kuna desturi ya moto. Siku mume anapomwingiza mke nyumbani, huwasha mwenyewe moto wa kwanza wa jikoni, na tangu hapo moto ule ni wake. Mke huulinda. Jioni kazi zikiisha, huyafukia makaa kwa majivu; asubuhi huyafukua, akayapulizia, akaongeza mengine. Hauzimwi maadamu mwenyewe yu hai. Siku akifa, mke huuzima kwa maji, kwa mkono wake, watu wakimwangalia. Matanga yakiisha, ndugu wa marehemu huwasha moto mpya, na kwa kuuwasha anakuwa amekubali kuibeba nyumba ile na shida zake zote.

Mama alifundishwa haya na mama mkwe wake, akayashika kuliko wenyewe. Wake wengi wa kaskazini pale kambini walikwisha kuacha. Ilikuwa mjini, na viberiti vilijaa madukani. Walimtania. "We shoga, unalea makaa kama mtoto mchanga?" Mama aliwajibu kwamba mtoto mchanga hulia usiku, makaa hayalii. Kila jioni nilimwona akichuchumaa mbele ya sigiri yetu, jiko letu la makaa, akilimwaga jivu kwa kijiko taratibu, kisha akisawazisha juu kwa mgongo wa kijiko hadi wekundu wote upotee. Alikuwa hasemi na mtu wakati huo. Sikujua kwamba ile ni kazi ya kujifunza mpaka nilipojaribu mwenyewe siku aliyougua malaria, nikarundika jivu jingi mno na nusura niuue moto.

Baba alichukuliwa kazini, asubuhi. Mwenzake wa gereji alikuja nyumbani na koti la kazi la baba, akalitundika kwenye msumari wa mlango bila kuingia. "Mama, watu wamekuja na gari ya jeshi, wameita yeye kwa jina. Amepanda," alisema, akaondoka mbio. Siku zile, kwa kuwa rais aliyepinduliwa alikuwa mtu wa kaskazini, watu wa huko walikuwa wakiitwa hivyo mmoja mmoja, wanajeshi kwa polisi, na kila nyumba pale kambini ilikuwa inasikiliza mlango wa jirani. Mama alibandika maji ya chai kama kawaida. Kisha akavaa gauni lake la kanisani, akafunga chakula, akaenda kumtafuta.

Alikwenda kila lango la kambi na la gereza alilolijua. Kila lango lilikuwa na mtu wa kusema hayupo. Pengine walimwambia amehamishwa, pengine wakapokea chakula wakasema watamfikishia, na kesho yake mlinzi mwingine akamwambia kwamba mtu wa jina hilo hajapata kuwapo. Alirudi kabla ya kafyu miguu ikiwa imevimba, akaketi, akafunika moto. Nilimwuliza kama baba amekufa. Aliniangalia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Unauona moto huo? Umezimwa?" Nikasema haujazimwa. "Basi umejijibu," akasema.

Haukupita muda tukaambiwa tutoke kambini, chumba kinatakiwa na askari mwingine. Tulihama kwa miguu, tukielekea chini ya kilima cha Kibuli, ambako mama alikuwa amepata chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho watu wa Kampala wanakiita muzigo. Vyombo na magodoro tulimkodia mtu wa mkokoteni. Sigiri mama alijitwika mwenyewe kichwani, juu ya ngata nene ya majani ya mgomba, makaa yakiwa yamefukiwa ndani. Alikataa kabisa mtu mwingine kuibeba. Nilitembea nyuma yake, jicho langu likiwa kwenye jivu, nikiona haya jinsi watu walivyotukodolea macho.

Jirani wa chumba cha pili alikuwa mwanamke wa Kikongo. Alikuwa amekimbia vita vya kwao mashariki ya Kongo, akaishi kambi moja ya wakimbizi baada ya nyingine, mwishowe akafika Kampala na watoto wake, akikaanga mandazi ya kuuza njiani pa kwendea msikitini na hospitalini. Viberiti vilipoanza kuwa vya shida, alikuja asubuhi na kipande cha bati kuomba kaa la moto. Mama alisita. Nadhani alikuwa anajiuliza kama moto wa mumewe ni kitu cha kugawa. Kisha akachagua kaa jekundu kuliko yote akamwekea. Tangu siku hiyo moto wa baba ulikaanga mandazi ya nusu ya mtaa, na sisi tukawa hatukosi mandazi yaliyopinda ambayo wateja waliyakataa.

Baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, alikuja kutoka kaskazini kwa lori la pamba. Alikuwa amekonda, na alikuwa ameacha ndevu ili asifanane na picha ya kipande chake cha utambulisho. Alikaa kwenye kigoda chetu, akakataa chai, akasema alichokuja kusema.

"Shemeji, mambo iko wazi. Ndugu yangu hakuna tena. Zima moto, mimi nitawasha ingine, twende nyumbani. Hii mji si yetu sasa. Watakuja kuchukua hata hawa watoto."

"Umeona maiti?" mama akamwuliza.

"Sijaona."

"Umeona kaburi?"

"Shemeji, siku hizi nani anaona kaburi?"

"Basi sizimi. Nikiuzima, nimemwua mimi."

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Alijaribu tena, kwa upole, akimweleza kwamba wazee wanasema nyumba haiwezi kukaa katikati, si ya aliye hai wala si ya marehemu. Kwamba yeye hawezi kutubeba mpaka moto uzimwe, na bila yeye tutakufa njaa. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwekea chakula, akamtandikia mkeka. Asubuhi akamsindikiza hadi kwenye lori na hakubadilisha neno. Mimi nilimchukia baba mdogo, nasema wazi. Nilimwona mtu aliyekuja kutunyang'anya baba. Kumbe alikuwa amepita vizuizi vyote vya barabarani na kabila lake usoni, ili tu atuchukue.

Shule yangu ilikuwa Mengo, mojawapo ya zile za zamani za wamisionari, na mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mama wa Kiganda, mnene, mpole, aliyependa maneno jinsi watu wengine wanavyopenda mapishi. Mwisho wa somo la Ijumaa alituruhusu tumletee neno lolote, naye angetuambia limezaliwa wapi. Tulimletea ya kuchekesha. Siku moja msichana mmoja akauliza, "Kafyu, je, mwalimu?" Mwalimu alikwenda mlangoni, akachungulia huku na huku, akaurudisha mlango. Kisha akaliandika neno ubaoni kwa herufi ndogo, ndogo kuliko alivyozoea.

Alisema Waingereza waliletewa neno hili na watawala wao waliotoka Ufaransa, zamani za nyumba za miti na paa za nyasi. Jioni kengele iligongwa, na kila mwenye nyumba alitakiwa afunike moto wake kwa majivu au kwa chungu, mji usije ukaungua watu wakiwa wamelala. Wafaransa waliunga maneno mawili tu: funika, na moto. Mambo ya askari na kukaa ndani yalikuja nyuma. "Amri ilikuwa kufunika," alisema, "si kuzima. Asubuhi walihitaji kupika." Akafuta ubao kwa kiganja, hakungoja hata kitambaa, na kutuambia tufungue vitabu vya ufahamu.

Sikusikia tena chochote siku ile. Nilitoka Mengo nikikimbia, nikakata katikati ya mji, nikapita pembeni ya Kikuubo ambako wenye maduka walikuwa tayari wanateremsha milango, nikafika nyumbani sina pumzi. Mama alikuwa uani na jirani, wakipepeta maharagwe. Nikawaeleza yote kama nilivyoyasikia.

Jirani alicheka hadi ungo ukamtoka mikononi. "Lakini si ndiyo hivyo! Kwetu kule tunasemaka couvre-feu mpaka leo. Funika moto. Mi nilijuaka hata nyinyi munajua."

Mama hakucheka. Alinitaka nirudie pale mwalimu aliposema si kuzima. Nikarudia. "Na asubuhi?" Nikamwambia asubuhi wanafukua wanapika. Alinivuta akanikumbatia, ungo wake wa maharagwe ukiwa kati yetu, na kwa mara ya kwanza tangu koti litundikwe mlangoni nilimsikia akiimba jikoni. Tangu siku ile hakusema kafyu tena kwa hofu. Jirani zetu walipofunga milango wakilaani, yeye alisema, "Haya, saa ya kufunika moto," akachuchumaa na kijiko chake kana kwamba amri ile imetolewa kwa ajili yake, imlindie mumewe. Nilijisikia fahari kupita kiasi. Nilidhani nimemletea mama kitu ambacho baba mdogo na wazee wote wa kaskazini hawakuwa nacho.

Wale waliotunga amri ya Kampala, kwa bahati mbaya, hawakusoma kwa mwalimu wangu. Jioni moja mama alichelewa kurudi kutoka kutafuta chumvi, na giza lilikuwa limeanza kuingia alipokuwa bado uani na sigiri, akingoja makaa yatulie ayafukie. Askari wa doria walikuwa wanapita kwenye kichochoro. Mmoja wao, kijana, aliingia uani.

"Wewe mama! Moto ya nini saa hii? Hujui kafyu?"

"Nafunika sasa hivi, afande."

"Nani anasema funika? Mimi nasema zima!"

"Afande, kafyu maana yake..."

Namshukuru Mungu kwamba hakumaliza. Yule kijana alichukua ndoo yetu ya maji, akaimimina yote juu ya sigiri, akaipiga teke ikaanguka upande. Majivu na maji yakamrukia mama miguuni. "Ndani!" akasema, na sote tukaingia ndani. Mama alikaa sakafuni, akautegemea mlango kwa mgongo. Hatukuthubutu kuwasha taa. Nilimsikia akiuliza polepole, hajui anamwuliza nani, kama moto ukizimwa na mtu baki, mwenyewe huko aliko anapatwa na nini. Mama mkwe hakuwahi kumfundisha hilo. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba askari ataingia jikoni.

Kulipopambazuka alitoka kabla yetu. Alifukua tope lile la jivu kwa vidole, kaa moja moja, akiyavunja kuona kama yana wekundu ndani. Hapakuwa na kitu. Jirani alitoka na beseni lake la unga, akamkuta hivyo. Alisimama kidogo, kisha akarudi chumbani kwake, akatoka na bati.

"Mama, acha kulia. Hii moto niliitoa kwako, na usiku naifunikaka sawa na wewe. Iko ya bwana yako. Mi naikopa tu kila siku."

Mama alilipokea kaa lile kwa mikono mitupu. Aliungua, baadaye tulimpaka mafuta, lakini alilibeba hivyo hadi kwenye sigiri. Jioni alilifunika jua likiwa bado juu ya paa, na tangu siku hiyo hakuchelewa tena.

Baba mdogo alirudi wakati wa mvua. Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani, maharagwe yako motoni mle ndani kwa sababu ya mvua. Safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni akiwa amevua kofia, nami nikaanza kumchukia upya, nikijua atasema nini. Lakini hakusema kuhusu wazee wala kuhusu lori.

"Shemeji, nimeonana na mtu aliyefungwa chumba moja na yeye. Mtu wa kijiji chetu, nimecheza na yeye utotoni. Amenionyesha hapa," akagusa bega lake la kushoto, "kovu ya jeki. Hakuna mtu mwingine anaijua. Yeye ndiye alimfumba macho."

Kovu lile tulilijua. Jeki ilimteleza baba gereji siku moja, na mama ndiye aliyemkanda. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwake.

"Lini?" akauliza.

Baba mdogo alitazama chini. Nadhani alikuwa ameomba njia nzima asiulizwe hilo.

"Wiki ileile waliyomchukua."

"Kabla hatujahama kambini?"

"Kabla."

Mama aliweka mwiko chini. Akaniangalia mimi, si yeye, kwa kuwa mimi ndiye niliyelileta neno lile nyumbani na maana yake. "Basi miezi yote hii nilikuwa nafunika nini?"

Tangu siku ile nimefungua kamusi nyingi kuliko alizowahi kuziona mwalimu wangu, kubwa, za juzuu baada ya juzuu, zinazotaja karne na mikoa ya Ufaransa, na hakuna hata moja iliyonisaidia kwa swali lile.

Aliipua maharagwe akayaweka kando, akasema tutayala baadaye, chakula si cha kutupa. Jirani alikuwa amesikia yote kupitia ukutani. Aliingia mikono ikiwa na unga, akasema kwamba moto wa kwake ameshauzima, maana nao ulikuwa wa baba. Mama akamshukuru. Akatutaka wote tusimame pale tuangalie, kama inavyotakiwa: baba mdogo, jirani, mimi na wadogo zangu. Akachota maji kwa bakuli, akachuchumaa mahali pake pa kila jioni, akayamwaga polepole, akizungusha mkono ili yafike kote.

Mvuke ulijaa chumbani, tukakohoa. Ulipopungua, nikaona chini ya jivu, katikati, kungali na wekundu. Alikuwa ameulinda vizuri mno. Baba mdogo akaanza kulia. Mama aliinuka, akaenda kuchota maji mengine.